Programu ipi ya kuandaa PDF ya kupeleka kiwandani? Jibu kwa msomaji wa Nansio

Swali: "Habari za kazi, kaka. Nina steshenari hapa Nansio, Ukerewe. Kwaya yetu inatoa kitabu cha historia yake na nyimbo zenye nota, saizi ya A5, kurasa 48 bila kuhesabu kava, nakala 500, kwa kushonwa pini katikati. Ndani nimepanga kwa Word, kava nimelitengeneza Canva, nikatuma PDF kiwandani Mwanza. Wamenirudishia. Wanasema faili haliko tayari kuchapwa: rangi ni RGB, hakuna blidi, picha ni hafifu. Mmoja kaniambia ninunue InDesign, mwingine kaniambia CorelDRAW. Natumia mpakato wa Windows 11, RAM GB 8. Ninunue ipi?"

Salama, dada yangu. Usinunue chochote kwa sasa. Kitabu hicho kinaweza kukamilika kwa programu ya bure na kiwandani hakuna atakayejua tofauti, maana wao hawapokei programu, wanapokea PDF. Kwa mashine uliyonayo ningekuelekeza kwenye Affinity. Kama hutaki programu inayodai akaunti ya mtandaoni, basi chukua Scribus. InDesign na CorelDRAW nitazigusa mbele kidogo, kwa sababu waliokushauri wana hoja, ila hoja yao inahusu kazi ambazo bado huna.

Kabla hujapakua kitu, piga simu kiwandani. Usiongee na mapokezi, omba uongee na anayeandaa pleti, yaani yale mabati ya kuchapia, moja kwa kila wino. Muulize wanapokea PDF/X ipi (PDF ya uchapaji, nitaieleza mbele), blidi, yaani rangi inayovuka mstari wa kukatia, wanataka milimita ngapi, karatasi ya ndani itakuwa bondi (ya kawaida isiyong'aa) au ya kung'aa, na wao hutumia profaili gani ya rangi, yaani faili linaloeleza rangi zitakavyotoka kwenye karatasi. Halafu uliza swali lenye uzito kuliko yote hayo: kurasa za ndani zimehesabiwa kwa rangi moja au rangi nne?

Nakusisitizia hilo kwa sababu ya pleti. Tuseme mashine yao inakula karatasi ya A2. Upande mmoja wa karatasi hiyo unabeba kurasa nane za A5, kwa hiyo karatasi nzima ni kurasa 16, na kurasa zako 48 ni karatasi tatu, yaani pande sita. Kwa wino mweusi peke yake hizo ni pleti sita. Kwa rangi nne ni pleti 24. Nota na maneno ya nyimbo hayahitaji rangi. Ningekuwa mimi, kurasa 40 za historia na nyimbo ningezichapa kwa wino mweusi kwenye bondi, na picha zote za rangi ningezikusanya kwenye kurasa nane za katikati, karatasi ya kung'aa, pale pini zinapopita. Kitabu kinapendeza na bei inashuka. Uamuzi huu uufanye kabla ya kufungua programu yoyote, kwa sababu ndio utakaokuambia rangi za faili lako ziweje.

Sasa kuhusu faili lililorudishwa. Word haikukukosea, imefanya kazi yake. Imetengenezwa kwa ajili ya barua, ripoti na mitihani, na rangi zake ni za skrini, yaani RGB: nyekundu, kijani na bluu zinazochanganywa kwa mwanga. Mashine ya ofseti inachapa kwa wino wa samawati, majenta, njano na mweusi, ndizo CMYK. Canva ya bure inakupa PDF ya kuchapa yenye alama za kukatia na blidi, lakini kutoa CMYK ni mpaka uwe na akaunti ya kulipia. Kwa hiyo endelea kuandika na kusahihisha maneno yako kwenye Word, hapo ndipo pazuri pa kazi hiyo. Ukimaliza kusahihisha, na viongozi wa kwaya wakisharidhika kabisa, ndipo maneno yahamie kwenye programu ya kupangia kurasa. Ukihamisha mapema utahangaika na masahihisho ya kila mjumbe ndani ya kurasa zilizokwisha kupangwa.

Affinity ilitengenezwa na kampuni ya Serif ya Uingereza. Programu yao ya kupangia kurasa, Affinity Publisher, ilitoka mwaka 2019 ikiuzwa kwa malipo ya mara moja. Canva waliinunua Serif mwaka 2024, na mwaka 2025 wakaitoa Affinity upya kama programu moja ya bure yenye upande wa picha, wa michoro na wa kurasa. Utahitaji akaunti ya Canva, ambayo tayari unayo, na intaneti ya kuipakua na kuiwasha. Ninaipenda kwa kazi kama yako kwa sababu unaweza kuingiza maneno ya Word moja kwa moja, unaweka blidi tangu unapofungua waraka, ina sehemu inayokuonya picha ikiwa hafifu au maneno yakizidi kisanduku, na wakati wa kutoa PDF unachagua PDF/X-1a, PDF/X-3 au PDF/X-4 bila kutafuta kiongezi chochote.

Scribus ni ya bure kwa maana pana zaidi: haina akaunti, inafanya kazi Windows, Mac na Linux, na inakubali kompyuta za kawaida. Chukua toleo la 1.6, usihangaike na matoleo ya zamani yanayozunguka kwenye fleshi. Kwenye mambo ya uchapaji iko makini sana. Ina ukaguzi wake kabla ya kutoa PDF, na ina onyesho la kuchapa linalokuruhusu kuzima wino mmoja mmoja uone kilichobaki, mradi umeweka Ghostscript, programu nyingine ya bure ya kusoma PDF, pembeni yake. Udhaifu wake ni kwenye kuhariri maneno: ni nzito na haimsamehi mwenye haraka. Usijaribu kuandika historia ya kwaya ndani ya Scribus. Ingiza maneno yaliyokwisha safishwa, tengeneza mitindo ya aya mapema, kisha panga.

InDesign ndiyo kubwa kuliko zote kwenye vitabu na magazeti, imekuwepo tangu 1999, na ukianza kupokea kazi za mashirika yanayotuma faili za InDesign zenyewe utalazimika kuwa nayo. Kwa sasa inalipiwa kila mwezi kwa kadi, mwezi una kazi au hauna. Kitabu kimoja hakiwezi kubeba mzigo huo. CorelDRAW ndiyo utakayoikuta karibu kila duka la kuchapa pale mjini, na ni sawa kabisa: kadi za mchango, stika, mabango, lebo, mihuri, hizo ndizo kazi zake. Kitabu cha kurasa 48 chenye maandishi marefu yanayotiririka kutoka ukurasa hadi ukurasa si kazi yake.

Na hapa niseme wazi. Nakala za InDesign na Corel zilizovunjwa kufuli, zile unazowekewa kwa shilingi elfu chache, zikatae. Mteja akileta fleshi yake kwenye steshenari yako akaondoka na virusi, jina litakaloharibika ni lako. Tena kwa kuwa kuna programu mbili za bure zinazotoa PDF/X safi, sioni sababu iliyobaki.

PDF/X yenyewe ni nini? PDF ilitoka Adobe mwaka 1993 kwa ajili ya kubadilishana nyaraka kati ya kompyuta tofauti. Inaweza kubeba fomu, viungo, hata video, na vingi vya hivyo kwenye pleti ni balaa. PDF/X ni PDF iliyowekewa masharti ya uchapaji. PDF/X-1a ilikuwa kiwango cha ISO mwaka 2001: fonti zote ziwe zimepachikwa ndani ya faili, rangi ziwe CMYK au za wino maalumu tu, na kusiwe na tabaka zenye uwazi. PDF/X-4 ilikuja baadaye, inaruhusu uwazi na rangi zenye profaili, na inaiachia kompyuta ya kiwandani kazi ya kuzigeuza. Kama wakikuambia hawana chaguo, au ukisikia wanababaika, toa PDF/X-1a. Ni ya zamani, lakini hata mitambo ya umri mkubwa inaielewa, na matatizo ya vivuli na uwazi unayaona wewe kwenye skrini yako badala ya wao kuyaona kwenye karatasi.

Sasa weusi. Kosa hili halionekani kwenye skrini, na kwa kitabu chako ndilo la hatari kuliko mengine.

Mweusi wa Word ni RGB sifuri, sifuri, sifuri. Programu ikiugeuza kuwa CMYK, mara nyingi haikupi wino mweusi peke yake, inakupa mchanganyiko wa wino zote nne. Herufi moja ndogo sasa inachapwa mara nne na pleti nne, na karatasi ikisogea hata sehemu ya kumi ya milimita, zile nne hazikutani. Chukua kitabu kilichoharibika namna hiyo ukitazame kwa lenzi ya kukuzia: pembeni ya herufi "i" kuna mstari mwembamba wa uwaridi upande mmoja na wa samawati upande wa pili. Kwa macho matupu huoni mistari hiyo, unaona tu kwamba maandishi yamefifia na yanachosha kusoma, na mzee wa kwaya analalamikia miwani yake. Maandishi yote ya ndani yawe mweusi mmoja: samawati 0, majenta 0, njano 0, mweusi 100. Weka hivyo kwenye mtindo wa aya, usiguse neno moja moja.

Kwa nota ni mbaya zaidi, kwa sababu mistari mitano ya nota ni myembamba kuliko herufi yoyote. Wengi wanapiga picha ya skrini ya wimbo na kuibandika. Hapana. Kama mwalimu wenu anaandika nota kwa MuseScore, ambayo nayo ni ya bure, mwombe akutolee kila wimbo kama SVG au PDF, siyo picha, ili mistari ibaki mistari na isigeuke vitone. Ukishaingiza, weusi wake utakuja na RGB. Kwenye Affinity, PDF iliyowekwa ndani iachie ifunguke ihaririwe badala ya kupita ilivyo, kisha chagua vyote na uvipe mweusi 100 peke yake. Kwenye Scribus ingiza SVG kama mchoro, nenda kwenye orodha ya rangi za waraka, utakuta ule weusi mgeni umejiorodhesha, uubadilishe kwa mweusi wa Scribus. Ukifanya wimbo wa kwanza kwa utulivu, iliyobaki inakwenda haraka. Kama nyimbo zenu ni za solfa, mambo ni mepesi, ni maandishi tu, ila panga nafasi kwa tabo na si kwa kubonyeza nafasi nyingi, la sivyo d, r na m zitahama ukibadili fonti.

Picha. Kiwango cha kawaida ni pikseli 300 kwa inchi, kwa ukubwa ule ule ambao picha itachapwa nao. Picha ya kujaza ukurasa mzima wa A5 inahitaji takriban pikseli 1,750 kwa 2,480, na ukiongeza blidi zaidi kidogo. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa inabanwa hadi kama pikseli 1,600 upande mrefu. Igawe kwa 300 unapata inchi tano na kitu, yaani sentimita 13 na nusu. Kwa hiyo picha hiyo inafaa nusu ukurasa, kava haiwezi. Waambie wanakwaya watume picha kama nyaraka, siyo kama picha, au walete simu zenyewe dukani uchomoe kwa waya. Na usidanganyike na kuongeza namba ya pikseli ndani ya programu. Unaongeza pikseli, huongezi sura za watu.

Jiandae pia kwa rangi kupoa. Bluu ya ziwa ile inayowaka kwenye skrini, kijani na machungwa ya vitenge vya sare ya kwaya, nyingine haziko ndani ya uwezo wa wino nne. Wafungulie viongozi onyesho la CMYK kwenye programu kabla ya kuchapa ili wasishtuke baadaye. Kama kiwanda hakikukupa profaili, Coated FOGRA39 ni chaguo salama kwa karatasi ya kung'aa. Kwa bondi tumia profaili ya karatasi isiyopakwa, kwa sababu bondi inanyonya wino na picha inakuwa nzito.

Blidi ni jambo dogo. Kisu cha kukatia kinashuka juu ya rundo la vitabu na hakitui pale pale kila mara, kwa hiyo rangi inayogusa ukingo lazima ivuke ukingo. Milimita tatu kila upande. A5 ni 148 kwa 210, na pamoja na blidi ni 154 kwa 216. Maneno yakae angalau milimita tano ndani ya mstari wa kukatia. Kava likiwa limefunguliwa ni 296 kwa 210, na blidi linakuwa 302 kwa 216. Waulize wanalitaka hivyo au kurasa nne mbalimbali. Kurasa za ndani toa moja moja kwa mpangilio wa kusoma, 1 hadi 48. Usizipange wewe kwa mtindo wa kukunja, hiyo ni kazi ya kiwanda, na ukiwafanyia watalazimika kuitengua.

Zima kukatwa kwa maneno mwisho wa mstari kama programu imebaki kwenye Kiingereza. Inaweza ikakukatia "nyimbo" baada ya m, na ukurasa mzima ukaonekana umeandikwa na mgeni. Pangilia kushoto, haina ubaya.

Ukishatoa PDF, ikague mwenyewe kabla mtu mwingine hajaikagua. Ifungue kwenye Adobe Reader ya bure, angalia sifa za waraka kwenye sehemu ya fonti: kila fonti iandikwe kuwa imepachikwa. Halafu weka Ghostscript na uandike amri hii kwenye dirisha la amri, ukiwa ndani ya folda yenye faili:

gswin64c -o - -sDEVICE=inkcov kitabu.pdf

Ikikataa kutambua amri, andika njia nzima ya folda ilikowekwa Ghostscript. Kwa kila ukurasa itakuletea namba nne: samawati, majenta, njano, mweusi. Kwa faili ambalo tayari ni CMYK, ukurasa wa wimbo lazima uwe na sifuri tatu za kwanza na namba moja mwishoni. Ukiona ukurasa wa 23 una namba kwenye samawati wakati hauna picha, nenda ukurasa wa 23: kuna nota au kichwa cha habari kilichobaki na weusi wa kuchanganya. Kwa kurasa 48 kazi hii ni ya dakika chache, na nijuavyo mimi hakuna njia ya bure inayoishinda.

Sasa namna ya kuanza. Usipange kurasa zote 48 kisha ukapanda meli kwenda Mwanza na matumaini. Panga nne: ukurasa mmoja wa historia, wimbo mmoja wenye nota, ukurasa mmoja wenye picha inayogusa ukingo, na kava. Zitoe kwa PDF/X waliyokutajia, zipitishe kwenye ukaguzi huo, zitume kama waraka na umwombe yule wa pleti azifungue kwenye kompyuta yake akuambie anachokiona. Wakizikubali, zilizobaki utazipanga kwa mitindo ile ile. Wakizikataa, niandikie maneno yao kama walivyoyasema, na unitumie hiyo PDF ya kurasa nne.